Miguu Iliyotangulia

Nilipokuwa mtoto, watu wazima walilala kifudifudi mbele yangu ili niwakanyage. Hawakuwa wakicheza. Nilizaliwa nikitanguliza miguu, na kwetu Usukumani mtoto wa namna hiyo huitwa Kashinje, na nyayo zake husemwa zina dawa ya mgongo. Mtu aliyeshikwa na kiuno baada ya kulima au kubeba zege alikuja nyumbani kwetu Igoma, akamwamkia Bibi, akajitandaza kwenye mkeka uani, nami nikaitwa kutoka mchezoni. Nilipanda taratibu, Bibi kanishika mkono, nikakanyaga pale nilipoonyeshwa, nikashuka. Wengine walinipa karanga. Mwalimu mmoja alikuja na tai shingoni, akaivua, akaikunja vizuri ndani ya kiatu, akalala kama wenzake.

Lakini hao hao walionipa karanga hawakupenda niwe karibu nao mvua ikianza. Mawingu yakikusanyika, mama wa jirani alimwita mwanawe kwa sauti ambayo hata kuku waliielewa. Aliyetanguliza miguu, walisema, radi inamjua na maji yanamjua. Mimi sikuijua radi wala sikuwa na ugomvi na maji. Nilichojua ni kwamba jua likiwaka nilikuwa dawa, na wingu likitanda nilikuwa mkosi, na Mwanza mawingu hayakosekani.

Kwa hiyo Shangazi alipojifungua kisiwani alikoolewa, na Bibi akaamua kwenda kumtazama pamoja nami, kulikuwa na minong'ono mingi kabla ya safari. Baba alitaka nibaki. Bibi akasema mtoto hafichwi chini ya kitanda kama chungu kilichopasuka. Hata hivyo, tulipofika mwaloni Kirumba kupanda mtumbwi, aliniinamia akanishika mashavu.

“Ukiwa majini wewe ni Agnesi,” aliniambia. “Kashinje tumemwacha Igoma, analinda kuku.”

Agnesi ni jina langu la ubatizo. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kwenda kulikuwa shwari. Ni siku ya kurudi ninayoizungumzia hapa, asubuhi ambayo ziwa lilikuwa limelala bila kukunjamana, na abiria tukisubiri mchangani mtumbwi wa mashine upakiwe. Alikuwapo Mama Zuhura, mfanyabiashara wa dagaa, Mwislamu mzaliwa wa Ujiji, mwanamke mnene mwenye kicheko kilichosikika mwalo mzima. Aliinama kunyanyua gunia, akapiga ukelele, akabaki ameinama vile vile. Kiuno kimemkamata.

Hapo Bibi yangu, aliyenionya mwenyewe kwa kunishika mashavu, akasahau. Au labda hakusahau. Alikuwa mtu asiyeweza kumwona mwenzake anaumwa akanyamaza. “Jilaze, mama,” alisema. “Mjukuu wangu ana miguu.” Khanga ikatandikwa mchangani, Mama Zuhura akalala, nami nikapanda mbele ya macho ya abiria wote. Aliposimama wima, watu walipiga makofi. Nilijiona mkubwa. Sikujua kwamba Kashinje alikuwa ameacha kuku na kupanda mtumbwini pamoja nasi.

Nahodha wetu alikuwa Magesa, Mjita, Msabato asiyetia mashine majini siku ya Jumamosi hata umlipe nini. Alitupanga yeye mwenyewe kama mtu apangaye mizani: wazito huku, magunia katikati, Bibi na mimi upande wa kulia. Mbele yetu alikaa katekista mmoja, mwanamume wa makamo mwenye tumbo la heshima, aliyekuwa akirudi mjini kutoka kufundisha komunyo ya kwanza. Alikuwa msimuliaji hodari. Tulipoacha mwalo alianza kutusimulia habari za Yona.

“Huyo ni Nabii Yunus,” alisema Mama Zuhura. “Hata kwetu yumo. Samaki akammeza.”

“Ndiye huyo huyo!” Katekista alifurahi kweli kweli, kama mtu aliyekutana na ndugu sokoni. Wakawa wanasaidiana kusimulia, huyu akiweka dhoruba, yule akiweka kura waliyopiga mabaharia ili kumjua mwenye mkosi, wakikubaliana, wakipokezana, hadi walipomtupa mtu baharini na bahari ikatulia. Vijana wa nyuma walisikiliza vinywa wazi.

Bibi hakuwa wa kanisani wala wa msikitini. Alikubali nibatizwe kwa sababu mama alitaka, lakini yeye mwenyewe alizungumza na wazee wake waliokufa, akiwamwagia uji kidogo mlangoni. Alisikiliza hadithi yote kwa makini, kisha akauliza swali moja.

“Huyo aliyetupwa, mama yake alikuwa wapi?”

Watu walicheka. Katekista alisema Maandiko hayakuandika. Mama Zuhura alisema hata yeye hajui. Bibi akatikisa kichwa kama asemaye kwamba hilo ndilo lililopaswa kuandikwa.

Ndipo nikaliona.

Upande wa kaskazini wingu lilikuwa limeshusha kitu cheusi, chembamba, kilichopinda. Kilianza kama uzi, kikawa kamba, kikawa mkono mzima ukishuka kuyagusa maji, na chini yake maji yalikuwa yakipanda kama moshi. Watu wa mialoni huliita joka. Husema linakunywa, na kwamba halishuki bure: linashuka liliponusa mtu. Hata kulinyooshea kidole ni mwiko. Bibi aliponiona nainua mkono, aliukamata akaukunja ngumi ndani ya ngumi yake, na ngumi yake ilikuwa ya baridi.

Sijawahi kuogopa vile tena, na nimezaa watoto na nimezika mume. Haikuwa lile joka peke yake. Lilikuwa mbali bado, na mashine yetu ilikuwa inaunguruma. Niliogopa kwa sababu kichwa kimoja kiligeuka kunitazama, kisha kingine.

Katekista alikuwa akisali kwa sauti. Akakatiza sala.

“Mama,” alimwambia Bibi, na sauti yake ilikuwa imepungua. “Huyu mtoto anaitwa nani?”

“Agnesi.”

“La nyumbani, mama. Jina la nyumbani.”

Bibi alinivuta karibu yake. Kijana mmoja wa nyuma ndiye aliyesema, “Si tumemwona akikanyaga mgongo? Huyo katanguliza miguu huyo.” Mwingine akasema taratibu, kama anayejiwazia, “Na yule Yona je?”

Nilikuwa na akili ya kutosha kuelewa. Hadithi waliyosaidiana kuisimulia vizuri, Mkristo na Mwislamu wakicheka, sasa ilikuwa imekaa katikati ya mtumbwi na inanitazama mimi. Hakuna aliyenigusa. Nataka kuwatendea haki: hakuna aliyeinua hata mkono. Walichofanya ni kusogea tu. Aliyekuwa kando yangu alisogea, wa nyuma yake akasogea, akina mama wakavuta watoto wao na vikapu vyao, Katekista akainuka na tumbo lake akahamia ng'ambo ya magunia. Wote walikwenda kushoto. Mimi na Bibi tukabaki kulia, peke yetu kwenye ubao, na nafasi kubwa kutuzunguka.

Nikajikojolea. Bibi alinikumbatia kwa mikono yote miwili na nilisikia akiwaita wazee wake kwa Kisukuma, mmoja mmoja, kwa majina ambayo sikuwahi kuyasikia.

Mtumbwi ukalala.

Ulilala upande wa kushoto, ule waliokimbilia. Maji ya ziwa yakapanda juu ya ukingo, yakaingia kama ng'ombe waingiao zizini, na mayowe yakaanza. Upande wetu ulipaa juu. Nilitazama chini nikawaona wote wamerundikana, Wakristo na Waislamu na wasio chochote, wameshikana wenyewe kwa wenyewe ili kunikimbia mimi, na wanazama.

“Rudini!” Magesa alipiga kelele, ameng'ang'ania usukani. “Rudini kwa mtoto! Mnatuua kwa ujinga! Rudini kwa mtoto!”

Hawakurudi. Watu waliganda. Kati ya joka kule na mimi huku, hawakujua kipi kilikuwa kibaya zaidi.

Wa kwanza alikuwa Mama Zuhura. Alipanda juu ya magunia yake mwenyewe ya dagaa, kwa magoti na mikono, akashuka upande wetu akaketi kwa uzito wake wote, na nilihisi ubao ukishuka. Akaichukua miguu yangu, ile ile, akaipakata mapajani na kuifunika kwa khanga yake iliyolowa.

“Yunus alijua alikuwa anamkimbia nani,” aliwaambia, akihema. “Huyu mtoto amemkimbia nani? Semeni! Njooni mkae!”

Wakaja. Sitasema walikuja kwa upendo. Walikuja kwa sababu Magesa aliwatukana, na kwa sababu maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo. Katekista alikuwa wa mwisho. Magesa alimnyooshea kidole, “Wewe mwenye tumbo, pale, karibu na mtoto,” naye akaja akakaa, bega lake likigusa langu, macho yake ameyafumba. Mtumbwi ukakaa sawa.

Magesa alikata kona, akalikwepa joka kwa ubavu. Lilipita mbali nasi, likakatika katikati, likamezwa na wingu lake. Upepo na mvua yake vilitupata vizuri sana, na njia yote iliyobaki ilikuwa ya kuchota maji na kuyamwaga. Katekista alipewa beseni. Alichota bila kupumzika, akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka, midomo ikitembea. Hakunitazama hata mara moja.

Tulipogusa mchanga wa Kirumba watu waliruka majini kabla ya mtumbwi kusimama. Wengine walicheka cheko la waliookoka, wengine walilia. Vijana wawili walimshusha Katekista mikononi, kwa sababu hakuweza kunyooka. Mgongo ulikuwa umefunga. Walimlaza mchangani kwa ubavu, amejikunja, uso umekuwa wa majivu. Bibi alikuwa amenishika mkono na alikuwa ameshaanza kupanda kuelekea barabarani.

“Mama,” Katekista aliita.

Bibi akasimama, lakini hakugeuka.

“Mama, nakuomba. Mwambie mtoto.”

“Mtoto yupi?” Bibi aliuliza. “Agnesi?”

Wachuuzi wa samaki walikuwa wakipita wakimruka. Kisha Katekista akasema, si kwa sauti kubwa, lakini abiria waliokuwa karibu walisikia wote:

“Kashinje.”

Bibi akanitazama. Hakuniamuru. Ilikuwa mara ya kwanza kuachiwa niamue mwenyewe, na nilitamani aniamuru. Katekista alijigeuza mwenyewe kifudifudi, kwa shida, akiuma meno. Nikavua ndala. Gauni langu lilikuwa bado limelowa, kwa maji ya ziwa na kwa yale mengine. Nikapanda.

Nilikuwa nimekanyaga migongo mingi na niliijua kama wengine wanavyojua milango ya nyumba za jirani. Mgongo ule ulikuwa unatetemeka. Ulitetemeka kuanzia kiunoni hadi mabegani, mtetemeko mdogo mdogo usiokoma, na ulikuwa ule ule uliokuwa kwenye magoti yangu, kiasi kwamba kwa muda sikujua ni nani kati yetu anayemtetemesha mwenzake. Aliniogopa, na akanihitaji, na mimi nilimwogopa vile vile. Nilikanyaga pale nilipofundishwa. Akapumua.

Njiani nilimuuliza Bibi kwa nini ameniruhusu, kama amemsamehe.

“Sijamsamehe,” alisema. “Mgongo ni mgongo.”

Sasa naishi Buswelu. Kutoka barazani kwangu nasikia adhana, nasikia kwaya mbili zikishindana, na jirani yangu wa nyuma bado anawamwagia uji wazee wake. Nimesikiliza mahubiri mengi kwamba binadamu ni wamoja: kwamba baba yetu ni Adamu, kwamba tumeumbwa kwa mfano mmoja, kwamba walio hai na waliokufa ni ukoo usiokatika. Nayakubali yote. Ila nimeona pia jinsi watu wa dini zote wanavyoungana haraka wakishampata mmoja wa kumkimbia. Huo nao ni umoja, na mimi niliuona unavyolaza mtumbwi. Kwa hiyo nikisikia mtaani watu wamekubaliana ghafla juu ya fulani, kwamba ni yeye, kwamba tangu aje hapa mambo yameharibika, moyo wangu hudunda na hunijia harufu ya dagaa walioloa. Ninaogopa, nasema kweli. Kisha naenda kuketi kwake, hata kama sina la kusema.

Watu bado wanakuja, kwa kificho wengine, mchungaji mmoja, na ustadhi aliyeletwa na mkewe. Sijui kama nyayo zangu zina dawa. Daktari ameniambia hazina, na wiki iliyofuata alimleta baba yake. Simkatalii mtu. Natandika mkeka, navua viatu. Ila kabla hajalala chini, namwomba kwanza aniite kwa jina langu la nyumbani.