Sifuri Niliyomwongezea Mama Sakina

Siku yangu ya kwanza kazini sikufundisha mtu yeyote. Mkuu wa Sekshoni ya Hisabati na Fizikia, katika chuo cha walimu hapa Kindu, mashariki mwa Kongo, alinipa ufunguo wa kabati, boksi moja la chaki na daftari nene ambalo jalada lake lilikuwa limeliwa na mende, akaniambia niketi ninakili. Nilikuwa nimetoka kupata lisansi, digrii yangu ya chuo kikuu. Nilivaa koti la marehemu baba yangu, nikidhani nitasimama mbele ya darasa asubuhi ileile.

"Kufundisha njo kazi ya Profesa," aliniambia. "Weye utafanyisha. Unajua tofauti?"

"Hapana, Shefu."

"Profesa anasema vile kitu iko. Asista, musaidizi wake kama weye, anakaa na mwanafunzi mupaka naye aweze kuisema. Ya kwanza inakamata saa mbili. Ya pili inaweza kukumaliza maisha."

Daftari lile liliitwa korije, yaani kitabu cha majibu. Profesa alitunga mazoezi, yakapigwa chapa na kugawiwa wanafunzi. Majibu yake yalibaki katika korije, mikononi mwa asista. Nakala ya zamani ilikuwa inachanika, kwa hiyo nilinakili kurasa zote kwa mkono kwa wiki tatu: peni ya bluu kwa njia, nyekundu kwa jibu la mwisho. Wiki ya tatu nilikimbiza kazi, kwa kuwa Ramadhani ilikuwa inakaribia na nilitaka kumaliza kabla ya kufunga.

Aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa Shefu wa Kazi, kwa Kifaransa Chef de Travaux, cheo kilicho juu ya asista. Sote tulimwita C.T. Aliketi nyuma ya darasa, mikono kifuani, nami nikamwita mwanafunzi ubaoni. Mwanafunzi alisoma zoezi kwa sauti, akaandika upande wa kushoto vitu alivyopewa na upande wa kulia kile anachotafuta, kisha akachora. Ndipo hesabu ilipoanza. Akikwama, nilikuwa na ruhusa ya kumuuliza swali, si kumpa jibu.

"Chaki ikae kwa mikono yake," C.T. alinionya. "Yako weka mufukoni."

Katika fizikia alikuwa mkali zaidi. Mwanafunzi akisema kasi ni ishirini, C.T. aliuliza kutoka nyuma, "Ishirini nini? Mbuzi?" Baada ya mwezi mmoja, mtu akisahau kutaja meta au sekunde, darasa zima lililia kama mbuzi, na C.T. mwenyewe alitazama dirishani ili asionekane anacheka.

Kifaransa kilipowashinda niliwaeleza kwa Kiswahili. Derivee, niliwaambia, ni kuuliza kitu kinabadilika kwa kasi gani sasa hivi, si jana wala kwa wastani. Integrali ni kujumlisha vipande vidogo sana mpaka upate kitu kizima. Wengi walifahamu. Ambao hawakufahamu walinifuata ofisini alasiri, mmoja mmoja, na karatasi zao. Kazi yangu kubwa ilikuwa pale, kwenye benchi, bega kwa bega na mtu aliyekwama. Ninamshukuru Mungu kwa benchi lile, ingawa lilinivunja mgongo.

Kisha vita vikaja. Treni ilikatika, maboti yakaacha kupanda mto, na Profesa, aliyekuwa akitujia kutoka mji mwingine kila baada ya miezi michache, hakuonekana tena. C.T. alikwenda Kalima kutafuta familia yake, asirudi. Nilibaki peke yangu na madarasa matatu na korije. Wanafunzi waliandika nyuma ya fomu za zamani za mizigo ya reli. Chaki zilipokwisha tuliandika kwa vipande vya muhogo mkavu, na kuna waliotania, "Asista, futa polepole, njo chakula ya mangaribi." Mji ulipozingirwa na mashamba yakawa hayaendeki, tuliacha hata muhogo. Ilikuwa aibu kupangusa chakula kwa kitambaa. Tukaandika kwa makaa juu ya ukuta.

Mwaka huo nilikuwa na mwanafunzi mmoja mtu mzima, Mama Sakina. Alizaliwa Lokandu, kwa wavuvi, na mumewe alikuwa fundi wa reli isiyotembea tena. Asubuhi aliuza samaki wa kukaushwa, mchana alikuja darasani akinuka moshi, na vijana walimpa nafasi ya mbele kwa heshima. Ilimbakia kozi moja tu, ya hesabu za juu na mekanika, ili apate diploma. Wakati ule ilisemekana kwamba serikali ingeandika orodha ya walimu wapya wa sekondari, na mwenye diploma mkononi angeingizwa. Nyumbani kwao walikuwa watoto wanne na baba asiye na kazi. Sote tulijua anasomea nini.

Alasiri moja alinijia na zoezi la pirogi, yaani mtumbwi. Mtu anapiga kasia kwenye maji yaliyotulia, kisha anaacha. Pirogi inakwenda meta tatu kwa sekunde, na maji yanaipunguza kadiri ya kasi yake, kwa kipimo cha sifuri nukta mbili. Je, itateleza umbali gani mpaka iishiwe? Ni zoezi zuri, linatumia derivee na integrali pamoja. Alikuwa amepata meta kumi na tano.

Nilifungua korije. Kwa wino mwekundu iliandikwa meta mia na hamsini.

"Umekosea mahali, Mama," nilimwambia. "Rudia."

Alirudi kesho yake na kumi na tano. Nikamrudisha. Siku ya tatu aliweka karatasi mbele yangu, hakuketi.

"Asista, mimi nimezaliwa ndani ya pirogi. Ukiacha kasia haiendi meta mia. Ingekuwa hivyo, sisi ya Lokandu tungekuwa wanene."

"Hii ni fizikia, Mama. Haiko habari ya soko."

"Basi onyesha fasi nimepoteya."

Nilipaswa kuchukua karatasi na kuhesabu. Tatu kugawa kwa sifuri nukta mbili, hata mtoto wa primeri anaweza. Sikuhesabu. Tangu jana yake nilikuwa nimekula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi na bila ugali, kulikuwa na karatasi arobaini mezani, na macho yalikuwa yanauma. Nilitazama mstari wa mwisho wa kitabu, nikatazama mstari wa mwisho wake, nikasema, "Korije haibishaniwi." Aliichukua karatasi yake, akasema, "Sawa, Asista," na siku ya nne aliniletea mia na hamsini. Nilimwekea alama ya vema.

Karibu na mwisho wa mwaka Profesa alipata nafasi katika ndege ya msaada, akaja kwa siku nne kufanyisha mitihani. Alikuwa na desturi ya kuchukua zoezi moja kutoka katika karatasi za mwaka na kuliweka katika mtihani bila kulibadilisha. Alichukua lile la pirogi.

Tuliketi kujadili matokeo: Profesa, Mkuu wa Sekshoni, katibu na mimi. Ilipofika zamu ya Mama Sakina, alikuwa na tisa juu ya ishirini. Kupita ni kumi.

"Huyu mama anajua njia yote," alisema Profesa, akigeuza karatasi. "Lakini angalia mwisho. Tatu kugawa kwa sifuri nukta mbili, eti mia na hamsini. Nilitaka kumupa pointi, mukono ukakataa. Kesho atafundisha watoto ya watu."

"Hatuwezi kumuokoa na pointi moja?" aliuliza Mkuu wa Sekshoni.

"Angekuwa amechoka, ningesema sawa. Huyu hakuchoka. Mistari yote iko safi. Ametia zero kwa kusudi."

Nilihesabu kichwani, wakati ule tu, kwa mara ya kwanza. Kumi na tano. Mkuu wa Sekshoni alinitazama, kwa kuwa mimi ndiye niliyemjua mwanafunzi, na nilitazama meza. Katibu aliandika neno ameanguka, tukaendelea na jina lililofuata.

Jioni nilifungua kabati. Nilitaka kosa liwe la C.T., au la asista wa kabla yake. Nakala ya zamani ilikuwa bado chini ya korije mpya, na mle ndani ilisomeka wazi: meta kumi na tano. Sifuri ya ziada ilikuwa katika mwandiko wangu, katika kurasa za wiki ya tatu. Nililelewa katika chuo cha Korani, ambako mwalimu alinirudisha mwanzo wa sura kwa herufi moja. Sikuwa na udhuru.

Asubuhi, baada ya sala, nilikwenda kwa Mkuu wa Sekshoni na vitabu vyote viwili. Alivisoma, akavua miwani.

"Kwa nini hukusema jana?"

"Niliogopa, Shefu."

"Profesa amepanda ndege saa moja. Ripoti imetiwa sahihi na iko ndani ya mufuko yake." Alinirudishia vitabu. "Haina seshoni ya pili ya kurudilia mitihani mwaka huu, unajua. Usimuambie muntu. Nikikufukuza, nitapata asista mwengine wapi ndani ya vita hii?"

Mtu mmoja nilimwambia. Nilimkuta Mama Sakina nyumbani akipanga samaki juu ya ungo. Nilieleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mumewe aliyekuwa ndani.

"Baba Sakina, ilikuwa kumi na tano."

"Si ulisema," alijibu mumewe kutoka ndani. Hakutoka.

Alipanga samaki wengine watatu. "Mwaka kesho, Asista, nikikuletea zoezi, usifungue kitabu ile mbele yangu. Kamata karatasi, tuhesabu wote wawili."

Alirudia mwaka mzima kwa kozi moja, akapata kumi na saba. Lakini orodha ilikuwa imekwisha kuandikwa. Alifundisha miaka mingi bila mshahara wa serikali, kwa mchango wa wazazi na samaki wake, mpaka orodha nyingine ilipofunguliwa. Nilipokuwa nikipita sokoni nilimwona na madaftari ya wanafunzi chini ya ungo, akisahihisha.

Tangu mwaka ule sikumsahihisha mtu kabla sijahesabu mwenyewe, mbele yake, kwa karatasi yangu. Ilinichelewesha, na wakubwa waliofuata walinilaumu kuwa mzito. Siku hizi wanafunzi wananijia kwangu Alunguli na simu. Wanapiga picha zoezi, na simu inawaletea jibu pamoja na njia yote. Siwalaumu. Simu haina njaa, na hainakili kwa haraka kabla ya Ramadhani. Nawaomba tu waigeuze kifudifudi mpaka tumalize kwenye karatasi, kisha tuigeuze tuone. Mara nyingi inasema kweli. Nami nachoka upesi, nawaacha waende, naomba Mungu anisamehe yale niliyoyajua na yale nisiyoyahesabu.

Siku chuo kiliponiaga kwa kustaafu, Mkurugenzi alisema nilitumikia kwa uaminifu, maneno ambayo husemwa kwa kila mtu. Kisha akamwita msemaji wa wanafunzi wa zamani. Alisimama Mama Sakina, sasa prefe wa lise, yaani mkuu wa shule ya sekondari, mwenye miwani na kitambaa cheupe. Nilishika ukingo wa kiti. Nilidhani siku yake ya kunisema mbele ya watu imefika, na nilijua ana haki.

Alinigeukia.

"Walimu wengine walinifundisha kuhesabu," alisema. "Asista huyu alinifundisha kuhesabu mara mbili."

Ukumbi ulipiga makofi, wakidhani anasifu uangalifu wangu. Yeye hakupiga. Alishuka jukwaani, akaja akanipa mkono, na mimi nilishindwa kunyanyua uso.