Mpima paneli wa Mchafukoge anayemegewa jua

Jua limefika. Linapenya kati ya maghorofa ya Mchafukoge, katikati ya jiji, na kuangukia kipande cha lami kisichozidi upana wa kitanda. Severa Nachundu, mwanamke wa Masasi, analaza paneli ya sola hapo, anagusisha waya za mita yake, anatazama namba. Kisha anasonya.

"Kaka, wameandika wati hamsini. Hii hata ishirini inafika kwa kujikongoja."

Vitalis, mkulima wa korosho kutoka Newala, anabisha. Dukani alipimiwa, na namba ilisoma vizuri.

"Ulipimiwa ndani, chini ya taa?"

"Ndiyo, ndani."

"Basi walikupimia volti. Volti hata taa ya dukani inaziamsha. Cha kupima ni ampea, na hizo hazitoki bila jua."

Huo ndio mchezo wa mtaa huu. Lebo mpya hubandikwa juu ya ile ya zamani, na risiti hugongwa muhuri kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Tuliambiwa soko huria litaleta kila kitu, na kweli limeleta. Mnunuzi anapogundua kaibiwa, keshafika Newala. Ndiyo, kaibiwa. Tusitafute neno la adabu.

Severa anatoza shilingi mia tano kwa paneli, na siku ya mvua hapati kitu. Kazi hii aliianza kwa hasira. Alimnunulia mama yake paneli mtaa huuhuu, pamoja na betri ya gari aliyoambiwa haina tofauti. Taa ziliwaka miezi miwili tu.

"Betri ya gari kazi yake kuwasha injini kwa mkupuo, siyo kutoa kidogo kidogo usiku kucha," anasema. "Sola inataka betri yake, na kidhibiti chaji katikati, ili betri isijazwe kupita kiasi wala isikaushwe. Na paneli ikae juu, pasipo kivuli hata cha tawi. Nani aliniambia? Walinifungia boksi, wakaniitia mkokoteni."

Aliporudi Masasi aliikuta paneli imeanikiwa makopa ya muhogo. Mama alikuwa amerudia koroboi, na hakusema neno, asije akamuumiza mwanawe.

"Kule kunyamaza kwake ndiko kunakonichoma mpaka leo."

Bryson, aliyemuuzia Vitalis, anatokeza mlangoni mwa duka lake.

"Dada, mbona unaharibu biashara za watu?"

"Mpe paneli ya kweli, nami nitanyamaza."

"Mali ikiuzwa hairudishwi. Na wewe subiri." Anaonyesha ghorofa linalojengwa ng'ambo ya barabara. "Wakimaliza lile, utapima kwa mwanga wa mwezi."

Maneno yanamwingia Severa, kwa kuwa ni kweli. Kila sakafu inayopanda inamega jua lake. Lakini wateja wawili waliokuwa wakitaka kulipa kwa Bryson wamesikia mabishano hayo, na wanarudisha hela mfukoni. Bryson anaingia ndani, anatoka na paneli nyingine bila kumtazama mtu. Severa anaipima palepale, kivuli kikiwa kimeshagusa ukingo wake. Safari hii anatikisa kichwa kukubali, na Vitalis anaikumbatia.

Hofu ya Severa ni kupoteza jua, maana bila jua naye atakuwa anabahatisha kama wanaopimia chini ya taa. Wiki iliyopita alipanda hadi ghorofa ya nne ya jengo la zamani, kwa Ranjanben, mjane wa Kihindu anayeanika achari ya embe kwenye paa lake. Alimwamkia shikamoo, akamweleza shida yake na kumwomba apimie paneli pale juu.

"Umeme nalipia, na kila siku mgawo," Ranjanben alimjibu. "Jua halina bili. Panda, mwanangu, ila usinimwagie achari."

Wenzake wa mtaani wanamwambia hakuna mteja atakayebeba paneli ngazi zote hizo. Severa anakunja waya zake.

"Watapanda. Bora wachoke hapa kuliko kukaa gizani kwao wakinyamaza. Na Bryson naye apande na mita yake. Kule juu hakuna taa, kuna jua tu."