Namna ya Kuita Kuku

Mwalimu alipokuja nyumbani kwetu Kawajense kuniomba nisindikize watoto wa shule hadi Karema, nilimwambia amefika kwa mtu mwenyewe. Nilikuwa mhitimu wa shule ya usiku. Mchana tulichimba madini ya risasi mgodini, jioni tulichimba herufi chini ya taa ya chemli, na moshi niliovuta miaka ile ungetosha kukausha samaki wote wa Tanganyika. Cheti changu nilikitundika ukutani juu ya kitanda. Mke wangu alisema hata mbu wakiingia walikuwa wanakisoma kwanza.

Safari ilikuwa ya kuonyesha watoto walikoanzia Wakristo wa kwanza wa upande wetu: ngome ya zamani, makaburi ya mapadri wa mwanzo, na kizazi cha watoto waliokombolewa utumwani kwa malipo ya vitambaa wakalelewa misheni. Wengi wao walikwisha lala. Kati ya waliobaki, mmoja aliombwa azungumze na wanafunzi.

Huyo mmoja alikuwa mama mkwe wangu.

Sasa mwenye kwao anielewe. Kwetu Unyamwezi, mkwe wa kike ni kama jua: yupo, unamheshimu, humtazami. Mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Nilikuwa nimezaa watoto wanne na binti yake, na uso wa bibi huyo sikuwahi kuuona sawasawa. Aliposikia kikohozi changu alijifunika kitambaa. Naye kwao Karema walishika adabu hiyo hiyo, tena kuliko sisi. Mwiko wa ukwe wa namna ile hufunguliwa kwa mbuzi, mbele ya wazee wa pande zote mbili, na wazee wangu walikuwa mbali, upande wa Urambo.

Mke wangu alikuwa na mimba kubwa, wa kupanda lori hakuwa. Usiku wa kuamkia safari alinishika shati.

"Baba watoto, nisikilize bila mzaha. Mama ametuzungusha tangu tukiwa wadogo. Ukimuuliza kwao wapi, anasema, mimi mtu wa misheni, nimezaliwa siku niliyobatizwa. Sasa padri amemwomba, na padri hamkatalii. Atasema. Wewe sikia tu anatoka wapi. Huyu aliye tumboni nataka nimwambie bibi yake ni mtu wa wapi."

"Nitasikia kwa masikio yote manne," nikamwambia.

"Mawili yanatosha. Na usiniletee chumvi."

Tuliondoka alfajiri na lori la mfanyabiashara mmoja wa Kashaulili. Dereva alikuwa mtani wangu, akanipokea kwa kelele: "Haya, msomi wa gizani, panda nyuma na wenzako wa darasa la pili!" Nikapanda. Pale geti la mbung'o, magari yanapokaguliwa yasibebe nzi wale, yule mwenye wavu alipoanza kuwanasa, niliwaambia watoto kwamba porini huko mbung'o mmoja aliwahi kumbeba mzungu na baiskeli yake hadi Kibaoni. Wakacheka mpaka mwalimu akagonga bati la mbele. Nikaongeza ya tembo aliyekuja kuandikishwa mgodini akakataliwa kwa sababu kofia haikumtosha. Njia nzima ilikuwa hivyo. Tulipoanza kushuka kuelekea ziwani, ilikuwa ukipiga chafya tu, lori zima linacheka. Nilijiona hodari sana.

Karema tulionyeshwa makaburi, tukaonyeshwa kanisa. Tukaambiwa kwamba zamani maji yaligonga ukuta wa ngome, na sasa ziwa lenyewe lilikuwa limerudi nyuma, limeacha majani na mbuzi. Watoto wakavua kofia, wakasali. Kisha wakakalishwa kivulini chini ya ukuta mmoja wa kale, na bibi akaletwa akiegemea fimbo, akawekewa kigoda.

Mimi nilikwisha zunguka upande wa pili. Nikaegemeza mgongo ukutani, mawe ya moto kama chapati, nikatega sikio.

Nilisikia vizuri. Hili nalisema bila chumvi. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini imenyooka. Alisema alikuwa mdogo, hata mdomo wa mtungi haufikii. Alisema jioni ile alikaa kizingitini anakula kiazi kilichochomwa, na mama yake alikuwa uani anaita kuku waingie bandani.

"Mama yangu alikuwa anaita hivi," akasema. Akaita.

"Yuuu-twetwetwe! Yuuu-twetwetwe!"

Jamani. Bibi kizee, mtu wa kuheshimiwa, msalaba kifuani, anawaita kuku hivyo mbele ya wanafunzi niliowachekesha tangu alfajiri. Walilipuka. Wengine nadhani walianguka chini, maana nilisikia miguu ikipiga vumbi. Naye bibi katikati ya kelele ile aliendelea: "Hivyo ndivyo tunavyoita kuku kule kwetu..." Akataja. Nilisikia kwamba ametaja. Nilisikia sauti yake ikipanda kidogo, kama mtu anayenyoosha mkono kuonyesha. Lakini mwalimu naye alikuwa anapiga kelele, "Kimya! Kimya nyie!", na kicheko na "kimya" cha mwalimu vikalifunika lile neno kabisa.

Watoto waliponyamaza, alikuwa amekwisha pita pale.

"Aliita mara ya tatu," alisema, "sauti ikakatika katikati. Na mimi nikachukuliwa na kiazi changu mkononi. Sikumwona tena."

Mbuzi walisikika wakitafuna.

Nilisimama. Mguu wangu mmoja ulikwisha toka nje ya pembe ya ukuta. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni, fupi tu: kwenu wapi, mama? Lakini mkwe apaze sauti kumhoji mama mkwe, tena mbele ya watoto, tena siku anayosimulia alivyonyang'anywa? Angejifunika akaondoka, na hadithi ingekomea hapo. Nikaurudisha mguu.

Alipomaliza, watoto wakapewa miwa. Binti yangu alikuwemo kati ya wanafunzi, nikamwita kando.

"Bibi ametaja kwao. Amesemaje?"

"Amesema Yuuu-twetwetwe."

"Baada ya hapo?"

Akanitazama huku muwa mdomoni. "Baba, tulikuwa tunacheka."

Nikawauliza wengine. Mmoja akasema ng'ambo ya ziwa. Mwingine akasema Ufipa, kwa sababu shangazi yake yuko Ufipa. Wa tatu akasema bibi ametaja mlima, wa nne akasema mto. Mwalimu alisema alikuwa ananyamazisha. Wenyeji wakanijibu alivyojibu bibi siku zote: huyo mtu wa misheni.

Nikamtuma binti kwa bibi yake. Nikawaona kwa mbali, nikiwa nimegeuza uso nusu: kizee ameinama, mtoto ameinua kichwa. Bibi alimpangusa mdomo kwa kitambaa chake, akasema maneno. Mtoto akarudi mbio.

"Bibi amesema, mwambie baba yako asante kwa kuja. Jina la kwetu halitumwi kwa mtoto anayekula muwa. Aje mama yako mwenyewe, nimwambie nimemshika mkono."

Nilifurahi, sitakuficha. Niliona ni jibu zuri kuliko nililofuata. Mke wangu ajifungue, mvua zipite, nitampeleka.

Usiku wa kurudi nyumbani nilimwambia yote, na nilijitahidi kuyasema kama yalivyokuwa. Kiazi, kizingiti, sauti iliyokatika. Alinisikiliza huku amekaza macho.

"Katika hayo," akasema, "ya Mama ni yapi na yako ni yapi?"

"Yote ya Mama."

"Ulisema hivyo hivyo habari za yule samaki aliyevuta treni."

Nikaapa. Nikataja hata cheti changu. Hakucheka. Ndipo nikaita kama nilivyosikia, kwa sauti ya chini watoto wasiamke. Mkono wake ukaenda mdomoni. Alisema mama yake aliita kuku hivyo maisha yote, na pale Karema hakuna mwingine aliyeita hivyo, na wao watoto walikuwa wanamcheka.

Mtoto alizaliwa mvua zimekwisha shika. Njia ya Karema ikafunga kama kila mwaka, mito ikajaa, malori yakalala. Tulikuwa tumekwisha mwandaa mbuzi, na wazee wangu walikubali kuja kwa treni kiangazi ili ukwe ufunguliwe. Habari ya msiba wa bibi ililetwa na mchuuzi wa migebuka, samaki wale wa ziwani, aliyetembea kwa miguu. Alifika na kapu kichwani, akatuuliza kwanza kama tumekula.

Hakuna aliyekosa adabu. Nimeligeuza jambo hili miaka mingi, nikitafuta wa kulaumu, maana ukimpata wa kulaumu unapumzika. Bibi alistahi, nami nilistahi, mwalimu alinyamazisha watoto kama inavyompasa, na watoto walicheka kitu cha kuchekesha. Hata kuwachekesha njiani, nani angewanyima? Lakini nikiwa na kundi la watoto sasa, ninaanza hadithi ya mbung'o na baiskeli, halafu katikati sauti inanipungua.

Mke wangu naye alishika desturi yake. Stesheni ya Mpanda huteremka watu wa kila upande, na wengine hupita kwetu kuomba maji. Akishawapa, kabla hawajarudisha kata, anawauliza: "Kwenu mnaitaje kuku?" Wanamshangaa, wanaita. Tumesikia za kila namna. Nyingine nikisema zilivyo utadhani naongeza. Anasikiliza mpaka mwisho, anawashukuru. Kisha jua likielekea kuzama anatoka uani na mtama kwenye ungo, anaita kwa namna ya mama yake, na kuku wetu, wa Kawajense hawa, wanakuja mbio.