Mal-sun na supu ya siku isiyojulikana

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Pyo Mal-sun anatia mwani mkavu kwenye beseni la maji. Anautazama ukianza kuvimba. Anautoa, anaukung'uta, anazunguka meza ya jikoni mara moja, kisha anaurudisha majini.

"Mal-sun, hiyo mara ya tatu," anasema msaidizi wake, Deb Nygaard, bila kuinua macho kwenye vitunguu anavyokata. "Mwani wenyewe utachoka."

"Wewe kata vitunguu."

"Nakata. Ila sema basi, tunapika au hatupiki?"

Mal-sun anafungua friji, anaifunga, anafungua tena kama vile nyama ya ng'ombe ingekuwa imetoroka.

Jiko hili liko chini ya kanisa moja la Kilutheri mjini Saint Paul, Minnesota. Kila Julai, kwa wiki nzima ya kambi, linakuwa lake. Juu, ukumbini, watoto hamsini na wanane walioasiliwa kutoka Korea, pamoja na watoto wa wale walioasiliwa zamani, wanajifunza ngoma, herufi na namna ya kuwasujudia wakubwa. Wazazi wao, wengi wenye majina ya Kinorwe na Kiswidi, wanakaa kwa duara chumba cha pili na kuulizana yale wasiyothubutu kuyauliza mezani nyumbani kwao.

Mwanamke huyu wa miaka 64 ndiye anayewalisha wote. Watoto wanamwita Imo, yaani mama mdogo kwa Kikorea. Wazazi nao wanamwita Imo, hata wale waliomzidi umri, na yeye amechoka kuwasahihisha.

Leo ana shughuli na bakuli moja tu. Solveig Brekke anatimiza miaka kumi na sita, na kwa watu wa Mal-sun siku ya kuzaliwa bila supu ya mwani haijawa siku ya kuzaliwa. Lakini saa nne Solveig ana mtihani wa udereva. Siku ya mtihani mwani hauguswi, maana unateleza, na atakayeunywa atateleza nao. Mkorea aliyefeli huwa hasemi amefeli. Husema, "Nimekula supu ya mwani," na kila mtu ameshaelewa.

Hayo yote Mal-sun angeyamaliza kwa mzaha. Linalomnyima raha ni la jana.

Jana mchana, kwenye foleni ya chakula, alimwona Solveig na kupaza sauti kama kawaida yake: "Kesho supu yako! Uje na tumbo tupu!"

Solveig aliweka sinia yake chini. "Sitaki, Imo."

"Hutaki nini? Supu hiyo haikataliwi."

"Kesho siyo siku yangu ya kuzaliwa. Niliokotwa mlangoni pa zahanati. Daktari alitazama kitovu changu, akasema huyu ana kama siku nne, akahesabu kurudi nyuma, akaandika. Basi. Miaka yote hii umekuwa ukinipikia supu ya daktari."

Mtoto mmoja nyuma alicheka, akanyamaza haraka. Solveig aliacha chakula pale pale, akapanda juu na kumwambia mwalimu wa ngoma kwamba Ijumaa hatarudi kwenye sherehe ya kufunga. Kuhusu kufundisha darasa la wadogo mwakani, kazi aliyokuwa ameikubali tangu Jumatatu, alisema maneno matatu: "Msinihesabu mimi tena."

Mal-sun anapoyasimulia hayo, anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikisoma tarehe kwenye fomu na kuzitangaza kwenye foleni kama muuza samaki," anasema. "Haikunijia hata siku moja kwamba kuna mtu hajui siku yake. Kwetu mama ndiye mwenye siku hiyo. Sasa kama mama hayupo, mimi nilikuwa natangaza nini?"

Jioni Deb aliuliza kwenye duara la wazazi. Watoto kumi na mmoja kati ya wale hamsini na wanane wana tarehe za kukisiwa. Wale ambao tarehe zao huangukia wiki hii wamewahi kula supu ya Mal-sun. Wote walimshukuru.

"Hapo ndipo panaponiuma," anasema. "Walinishukuru."

Hakuomba kazi hii. Alikuja Minnesota mwaka 1989 na mumewe, fundi wa kulehemu, kutoka Gijang, pwani ambako mama yake alianika mwani juu ya mawe. Kwa mwaka mzima anapiga pasi kwa dobi mmoja wa barabara ya University, dola kumi na saba kwa saa, na kiangazi mvuke wa pale unamfanya avue viatu. Mwaka 2003 mama mmoja wa Kizungu alileta nguo ya sherehe ya Kikorea ya mtoto wake ipigwe pasi. Utepe wa kifuani ulikuwa umefungwa kama kamba za viatu.

"Nilivumilia kama dakika moja," anakumbuka. "Kisha nikatoka nyuma ya kaunta, nikaufungua utepe, nikaufunga upya, nikamgombeza. Nikasema, mtoto atachekwa! Yule mama akaanza kulia. Nikajua kazi nimepoteza. Kumbe ananiuliza, kupika unajua?"

Mwaka wa kwanza jikoni humu, watoto waliomba kechapu ya kumwagia wali. Mwaka wa pili aliwaletea kabichi iliyochachuliwa kwa pilipili, wakaifukia kwenye makopo ya maua ya kanisa, na mchungaji akatafuta kwa siku tatu panya aliyekufa. Leo watoto hao hao wana ndevu, wanaleta watoto wao, na wanamlalamikia kwamba kabichi siku hizi haina ukali.

Wakati huo watoto walikuwa mia mbili na zaidi. Sasa wanaoletwa kutoka Korea wanahesabika kwa vidole, na kila Agosti kamati ya kambi inajiuliza kama kutakuwa na Julai nyingine. Solveig alikuja hapa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu, amebebwa mgongoni. Akiondoka yeye, wasichana wanne wa rika lake wataondoka naye, na hilo kila mtu jikoni analijua.

Saa tatu kasoro robo, mlango wa jiko unafunguliwa. Ni Solveig, amefuata vijiti vyake vya ngoma. Nyuma yake yupo mama yake, Marit Brekke, ameshika funguo za gari. Marit anaendesha basi la shule, na kwa miezi sita amekuwa akimfundisha bintiye udereva kwenye maegesho ya kanisa hili hili.

"Hatukai," anasema Marit. "Saa nne tunatakiwa tuwe pale."

Macho ya Solveig yameshafika kwenye sufuria inayotoa mvuke. "Umepika."

"Nimepika." Mal-sun anasimama mbele ya sufuria kama anayeficha kitu. "Lakini wewe hupewi. Una mtihani. Utateleza."

"Jana unanilazimisha, leo unaninyima?"

"Jana nilikuwa mjinga. Leo nina akili kidogo."

Deb anacheka peke yake, kisha anarudi kwa vitunguu vyake. Marit anatazama saa. Mal-sun anavua aproni, anaivaa tena, na mwishowe anasema lile alilozunguka nalo tangu alfajiri.

"Nilikosea, mwanangu. Nilikufundisha kwamba supu hii ni ya mtoto. Siyo ya mtoto. Ni ya aliyezaa. Akishajifungua anapewa asubuhi, mchana na jioni, wiki tatu, mpaka damu yake irudi. Mtoto anakuja kuinywa kila mwaka ili akumbuke mama yake alichokunywa siku ile. Ndiyo maana yake. Daktari hana supu hapa."

Solveig anazungusha kijiti cha ngoma kwenye vidole. "Na wangu? Alipewa?"

Hapa Mal-sun angeweza kusema uongo mtamu, na baadaye anakiri kwamba aliufikiria. "Sijui," anasema. "Pengine alikuwa peke yake, hana wa kumpikia. Mimi mwenyewe sikupewa."

"Wewe?"

"Mwanangu Gyu-tae nilimzaa hapa hapa mjini, Januari, theluji mpaka dirishani. Nesi akaniletea maji ya barafu. Barafu! Kwetu aliyejifungua hata upepo wa feni haumgusi. Halafu akaniletea jeli ya kijani inayotikisika. Mume wangu alikuwa hajui kuchemsha hata yai. Mama yangu yuko ng'ambo ya bahari. Nikaililia ile jeli, nikaila. Ndiyo maana nawafukuzia na mabakuli kama kichaa. Siyo utamaduni wa kwenye vipeperushi vyenu. Ni njaa yangu mimi."

Deb, ambaye amekata vitunguu jikoni humu kwa miaka kumi na moja, anaacha kisu. Hajawahi kuyasikia haya.

Solveig analichukua bakuli mezani, anajichotea mwenyewe, analijaza mpaka ukingoni.

"Solveig, mtihani," anasema Marit.

"Mtihani wako!" anasema Mal-sun kwa wakati mmoja.

"Shauri yake mtihani." Msichana anapuliza mvuke. "Huenda yeye hakuinywa. Basi namnywea."

Anakunywa amesimama, mpaka tone la mwisho, mwani unamning'inia kidevuni. Marit, mwanamke anayeweza kuwanyamazisha watoto sitini kwa jicho moja kwenye kioo cha dereva, anageukia ukutani na kusoma tangazo la zimamoto kwa muda mrefu sana. Kisha wanaondoka.

Kinachofuata ni saa tatu ambazo jiko halitazisahau. Mal-sun anawakatia watoto matango kwa unene tofauti tofauti. Anamtuma Deb dukani kununua chumvi ambayo ipo. Kwa kawaida hupenda wali ushike ukoko kidogo, autie maji ya moto wazee wanywe, lakini wa leo umekuwa mkaa na Deb anaukwangua kwa patasi.

"Nimempa mwani siku ya mtihani," anarudia. "Mama yangu angenipiga na mwiko. Nimempa kwa mkono wangu!"

"Alijichotea mwenyewe."

"Sufuria ni ya nani?"

Saa sita kasoro dakika kumi, ngoma za mazoezi zinalia juu. Breki za gari zinasikika nje. Marit anaingia kwanza, uso wake hausemi kitu. Solveig anafuata, mikono mifukoni. Anasimama katikati ya jiko, anakunja uso na kusema kwa Kikorea cha darasani, neno kwa neno, taratibu:

"Imo, nimekula supu ya mwani."

Mal-sun anapiga paja kwa kishindo, anacheka mpaka anashika sinki, na machozi yanamtoka bila kuomba ruhusa. Katika kambi hii watoto wamemwimbia nyimbo, wamemsujudia, wamemwandikia barua zenye makosa. Hakuna aliyewahi kufeli kitu na kuja kumwambia kama anavyosema mtu wa kwao.

"Umeteleza wapi?" anauliza akijifuta kwa aproni.

"Kupaki. Nimegonga kijiti cha mpaka."

"Nilimwambia akate kona mapema," anasema Marit. "Miezi sita namwambia."

"Mama, basi lako lina urefu wa kanisa, unajua nini kuhusu kupaki kigari?"

Wanabishana hivyo, mama na mwana, huku Mal-sun akiwa ameshaanza kupanga. Mwakani, anasema, hatazisoma tarehe kwenye fomu. Atapika sufuria moja kubwa siku ya Ijumaa, na kila mtoto atachota mwenyewe, amnywee anayemtaka, au asinywe. Asiyetaka atapewa wali na hataulizwa neno. Wazazi nao washuke wanywe, maana hakuna aliyewahi kuwapikia. Anatafuta kalamu. Anahesabu kilo za mwani. Anauliza kama Julai mwakani ipo au kamati imeshaiua.

"Ipo," anasema Solveig. "Nitafundisha wale wadogo. Ila mtihani wangu wa pili ni wiki ijayo, na siku hiyo usinikaribie."

Anaisogelea sufuria. Chini kumebaki supu ya bakuli moja, nzito, yenye nyama nyingi. Anaikwangua yote, anaiweka mezani, anavuta kiti.

"Kaa."

"Nani akae? Watoto hamsini na wanane wanakuja kula."

"Kaa, mama mdogo. Gyu-tae ana miaka mingapi?"

"Thelathini na tatu."

"Basi imechelewa miaka thelathini na tatu. Kunywa."

Mal-sun anakaa. Deb anasema baadaye kwamba hajui kama amewahi kumwona amekaa kwenye kiti cha jikoni humu. Anachota kijiko cha kwanza, anafumba macho, anameza. Cha pili. Kisha anakunja uso na kuanza kuinuka, mkono ukitafuta kopo.

"Chumvi haijakolea."

Solveig anamwekea mikono miwili mabegani na kumrudisha chini.