Namba Iliyoruka Homa Bay

Wewe uliyeajiriwa juzi kupima mvutano wa ardhi, nisikilize kidogo. Siku yangu ya kwanza kazini, Migori, nilipokea gravimita, kifaa cha kupimia mvutano huo, kwa mkono mmoja. Mpimaji Mkuu akaniangalia, akaniita ndugu kwa Kijaluo. "Omera, hiyo si kuku wa sokoni. Ishike kwa mikono miwili."

Ndani ya gravimita mna uzani mdogo ulioning'inia kwenye springi. Juu ya mwamba mzito ardhi huuvuta zaidi, na springi hurefuka kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Migori ina miamba ya namna hiyo, ndiyo maana tulianzia huko. Kila baada ya saa mbili tulirudi kituo cha msingi, yaani kigingi cha saruji ambacho kipimo chake kinajulikana. Springi huchoka polepole na namba husogea, kwa hiyo msogeo huo tunaugawa kwenye vipimo vya katikati.

Nilipohamishiwa Homa Bay, Mpimaji Mkuu alileta habari kwamba anatafuta mtu mmoja wa kwenda naye Pwani, kupima kuzunguka jukwaa la kurushia roketi. Alitueleza sababu. Roketi ikiwa bado imesimama, vifaa vyake vya kuongoza safari hupangwa vijue chini ni wapi hasa, na mvutano wa pale una nguvu gani. Mwamba mzito ulio upande mmoja huvuta timazi, ule uzi wenye uzito unaoonyesha chini, pembeni kwa unywele tu. Vifaa visipoambiwa, unywele huo huko juu huwa kilomita.

Niliitaka safari ile kuliko kitu chochote.

Siku moja kabla ya uteuzi, boda boda niliyopanda iliingia shimo karibu na soko la samaki, gravimita ikagonga chuma cha kiti. Niliporudi kigingini, namba ilikuwa imeruka. Hapo huwezi tena kutenganisha pigo na uchovu wa springi. Kazi ya asubuhi nzima imekwenda. Lakini tofauti ilikuwa ndogo. Ningeigawa kama msogeo wa kawaida, nani angejua?

Nilikaa na kalamu mkononi mpaka chai ikapoa. Kisha nikaandika kwamba kifaa kimegongwa, nikampelekea Mpimaji Mkuu daftari la vipimo. Alisoma, akaniambia nirudie vituo vyote. Nilikuwa bado narudia wakati gari la Pwani lilipoondoka, mwenzangu mmoja aliyeteuliwa akiwa kiti cha mbele.

Wiki mbili baadaye simu ikalia, alikuwa Mpimaji Mkuu.

"Panda basi uje. Huyu niliyemleta, daftari lake halina kosa hata moja."

"Si ni vizuri, mzee?"

"Kwa barabara hizi? Namba zake ni nzuri mno, omera. Siwezi kusimamisha roketi juu ya namba hizo."

Tulipima upya jukwaa lote. Sasa nimestaafu, nalima shamba langu huko Uriri, na watu huniuliza kama niliiona roketi ikipaa. Sikuiona, tulikuwa tumeshakabidhi daftari na kurudi nyumbani. Lilikuwa na kurasa mbili tulizozikata kwa mstari, na sababu imeandikwa pembeni.

Kifaa chako kikigongwa, simama hapo hapo. Andika saa na mahali, rudi kigingini, uanze upya.