Farasi Mia na Thelathini wa Kufika Kagunga

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa injini iliyokufa, nikaambiwa niseme imekufa kwa ugonjwa gani.

Ilikuwa karakana ya serikali, Kigoma mjini, si mbali na stesheni ya reli, miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi Tabora, binti wa Ujiji wa miaka ishirini na mmoja, na katika karakana ile hakukuwa na mwanamke mwingine ila mpiga chapa wa ofisini. Mkuu wa Karakana alisimama mlangoni, mikono nyuma, kalamu tatu mfukoni mwa shati.

"Binti Ramadhani," akasema, "cheti chako nimekisoma. Sasa na wewe nisomee hii."

Nikafungua sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, nikatoa beringi za krenki. Hizo ni vipande vya madini laini ambamo mhimili mkuu wa injini huzunguka. Zilikuwa zimekwanguka hadi shaba inaonekana. Pampu ya oili nikaikuta nzima. Chujio lake ndilo lililoziba kwa tope jeusi, zito kama mawese yaliyolala.

"Imekufa kwa njaa ya oili," nikamwambia. "Na iliugua muda mrefu. Dereva alijua."

Alicheka kidogo. "Kesho njoo na ovaroli."

Nyinyi mnaosoma haya mkiwa na simu inayowaonyesha kila bolti ya kila gari, naomba muelewe jinsi tulivyofanya kazi. Kipuri kilichoagizwa Dar es Salaam kilikuja kwa treni, kikija. Tusichokipata tulikitengeneza. Gaskiti za kuzibia maungio tulizikata kwa mkono, na spana isiyoingia tuliichonga kwa tupa mpaka iingie. Fundi Mkuu alikuwa Mzee Kabwe, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo. Mwenyewe alikuwa amefanya kazi kwenye meli mpaka nywele zikawa nyeupe. Alipima injini kwa nondo. Ncha moja aliiweka kwenye bloku, ya pili kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Alinifundisha hivyo hivyo, silinda moja baada ya nyingine, mpaka nikaweza kusikia valvu iliyolegea ilhali wenzangu wanasikia kelele tu.

"Injini haifi ghafla, mwanangu," alizoea kusema. "Huaga kwanza. Watu ndio huwa wanaongea, wasiisikie."

Mwaka wangu wa pili pale, aliingia muuguzi mmoja amebeba sanduku la mbao kichwani. Alikuwa Yolanda, Mha wa Kasulu, aliyesimamia chanjo za vijiji vya ziwani. Alituamkia kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akalitua sanduku mbele ya Mkuu na kulifungua. Kuta zake zilikuwa mbili, katikati pamejazwa vumbi la mbao. Ndani mlikuwa na maji.

"Haya yalikuwa barafu nilipotoka Kigoma juzi asubuhi," akasema. "Nilipofika Kagunga yalikuwa maji ya uvuguvugu. Dawa ya surua ikipata joto imekufa. Nimeimwaga ufukweni, akina mama wakiniangalia na watoto wao mgongoni. Ni mara ya tatu, Ndugu Mkuu."

Kagunga iko mpakani na Burundi, na gari halikufika huko; njia ilikuwa ziwa. Boti ya idara ya afya ilikuwa na injini iliyochoka, ikienda siku nzima. Na huo ndio wakati watu walikuwa wamesogezwa kuishi pamoja vijijini. Surua ikimpata mtoto mmoja, inawapitia wote.

"Unataka nini?" Mkuu akamuuliza.

"Kufika kabla ya barafu kuyeyuka."

Nyuma ya karakana palikuwa na gari la fahari lililoachwa na mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki aliyehama. Bodi yake ilikuwa imepondeka kwa ajali, lakini injini ilikuwa nzima: silinda sita, ya petroli, na pembeni yake imefungwa supachaja. Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe, kama mtu anavyopumua. Supachaja ni pampu inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki, nayo huisukumia injini hewa kuliko ile ambayo ingeweza kuivuta. Hewa ikizidi, petroli huzidi, na nguvu huzidi. Ni kumlisha mtu kwa lazima: atanenepa au atapasuka.

Mkuu aliamua injini ile iingie kwenye boti. Uamuzi ulikuwa mzuri, na hata leo namsifu kwa huo.

Tulianza kwa kuipima. Tulikata vipande viwili vya mninga, tukavibana kwa bolti kuzunguka gurudumu la chuma lililofungwa kwenye krenki. Kutoka kwenye mbao zile ulitokeza mkono wa chuma wa mita moja, ukikandamiza mizani ya kupimia mawese tuliyoiazima ushirika. Injini inazunguka, mbao zinaizuia, mkono unaelemea mizani. Ukizidisha uzito huo kwa mizunguko ya injini unapata nguvu zake. Maji yalimwagwa juu ya mbao muda wote ili zisiwake, na bado karakana nzima ilinuka mninga wa kuungua. Bila supachaja tulipata nguvu za farasi tisini na watano. Tulipoifunga supachaja kama alivyoiacha Mgiriki, wakafika mia na arobaini.

"Mia na sabini," Mkuu akasema. "Nimemwahidi Mhandisi wa Mkoa mia na sabini."

Tukachonga puli ndogo zaidi, lile gurudumu la supachaja linaloshika mkanda, ili supachaja izunguke kwa kasi zaidi na kusukuma hewa nyingi zaidi. Mizani ikaonyesha mia na sabini na kitu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeweka nondo kwenye silinda ya nne. Nilisikia kitu kinagonga, kikavu, kama kokoto ndani ya kopo. Mafundi wote wanaijua sauti hiyo: petroli inawaka kabla ya wakati wake na kuipiga pistoni ikiwa bado inapanda.

Mzee Kabwe siku hiyo alikuwa nyumbani na homa. Mkuu alinitazama.

"Vipi, Binti Ramadhani?"

Karakana nzima ilikuwa inacheka na kupeana mikono. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote mle, na mwanamke peke yangu mwenye spana.

"Iko sawa," nikasema.

Keshokutwa yake tuliondoka alfajiri: nahodha, Yolanda na sanduku lake, na mimi kando ya injini. Boti iliruka juu ya maji. Kalalangabo tuliipita nikiwa bado sijamaliza kunywa chai. Yolanda alishika kitambaa chake kichwani akicheka kwa sauti, akaniita "fundi wangu". Tulipoipita Kigalye injini ilipiga kelele mara moja, moshi mweupe ukajaza boti, kisha kukawa kimya na mawimbi tu.

Nilitoa plagi ya silinda ya nne. Ilikuwa imeyeyuka. Nikaingiza waya kwenye tundu lake, ukazama pasipo kugusa pistoni. Pistoni ilikuwa imetoboka.

Wavuvi walituvuta kwa kasia mpaka Kigalye. Jua lilikuwa limeshapanda. Yolanda alikaa juu ya sanduku lake mpaka alasiri tukingoja chombo, mwishowe akalifungua, akatia kidole kwenye maji ya uvuguvugu, akalifunga tena.

"Ulijua?" akaniuliza.

Ningeweza kusema petroli ilikuwa mbovu. Ilikuwa mbovu kweli.

"Nilijua. Nilisikia juzi."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Hakunitukana. Alisema tu, "Siku nyingine sema kwa sauti ya kuishinda injini," akaenda kumwaga dawa.

Tuliporudi mjini nilikwenda ofisini kwa Mkuu, nikaiweka ile pistoni yenye tundu juu ya meza yake. 

"Ndugu Mkuu, niliisikia ikigonga siku ya kupima. Sikusema. Hilo ni kosa langu na unaweza kuniandikia barua. Lakini puli ile ni kosa lako."

Aliigeuza pistoni mkononi, akapitisha kidole gumba ndani ya tundu. Nilidhani atanifukuza.

"Gari la Mgiriki lilikwenda miaka minne na supachaja hii," akasema.

"Gari lina miteremko. Likipanda linafanya kazi, likishuka linapumzika. Boti haina mteremko, Ndugu Mkuu. Kutoka hapa hadi Kagunga ni mlima mmoja."

Aliirudisha pistoni mezani, akauliza, "Unataka nini?"

"Nipunguzie farasi arobaini."

"Na Mhandisi wa Mkoa nimwandikie nini?"

"Mwandikie kwamba itafika."

Barua ya onyo aliniandikia, na nilistahili. Papo hapo alinikabidhi kazi yote, na Mzee Kabwe, aliyekuwa amepona, akaambiwa anisaidie. Mzee mwenye miaka yake, anisaidie mimi! Alikubali.

Kuongeza nguvu ni rahisi. Mtu yeyote mwenye kerezo anaweza kuchonga puli. Kazi ni kuifanya nguvu hiyo ikae. Pistoni za injini ile hazikupatikana, kwa hiyo Mzee Kabwe alichagua za lori, zenye kichwa kinene na kilichobonyea, tukaenda kuzikereza kwa mafundi wa reli mpaka zikaenea. Kichwa kile kilipunguza mbano ndani ya silinda, na kwa injini inayolishwa na supachaja, mbano mdogo ndio uhai. Gaskiti ya hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, nikaikata kwa bati la shaba, maana ile ya kawaida ingepeperushwa. Cheche ya plagi nikaichelewesha kidogo, kabureta nikaipa petroli zaidi, kwa sababu petroli inayozidi kidogo hupoza chumba cha moto. Puli ikarudi kubwa, kubwa hata kuliko ya Mgiriki.

Lililobaki lilikuwa hewa. Hewa ikibanwa hupata moto, na hewa ya moto ndiyo iliyotuua. Nilihitaji mirija ya shaba ya kuipoza kwa maji ya ziwa, na shaba haikuwepo mjini. Mzee Kabwe akanipeleka kituo cha polisi. Stoo yao ilijaa mirija iliyokamatwa kwa wapika gongo, imekunjwa vizuri kuliko ambavyo ningeikunja mimi. Askari alituuliza, "Mnakwenda kupika wapi?" Tukaondoka nayo begani.

Halafu niliifunga injini kwenye mbao za mninga na kuiacha ivute mzigo kutwa nzima, saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, mimi nimeketi na nondo sikioni, nikihama silinda hadi silinda. Farasi mia na thelathini. Mara mbili nilisikia kitu na mara mbili nikapaza sauti, "Zima!" Mara ya kwanza ilikuwa bolti ya kibano. Mara ya pili hakukuwa na kitu. Hakuna aliyenicheka.

Safari ya pili tulitumia muda wa chini ya saa tatu. Injini iliimba sauti moja toka gati la Kigoma hadi mchanga wa Kagunga, nami namwambia fundi yeyote, katika maisha yangu sijasikia muziki wa kuufikia huo. Yolanda alifungua sanduku mbele ya akina mama, akatoa kipande cha barafu na kukiweka kwenye kiganja cha bibi mmoja. Bibi akakitupa. "Kinauma!" akasema, watu wakacheka, foleni ikaanza.

Mimi nilikwenda kutafuta maji ya kunywa. Nyuma ya nyumba za mwisho niliona vichuguu vya udongo mpya, vifupi, nikavihesabu mpaka nikaacha. Kati ya safari ile iliyoshindikana na hii zilikuwa zimepita wiki saba. Surua haikutusubiri. Sijui kama dawa tuliyoimwaga Kigalye ingewawahi watoto wale. 

Injini ile ilifanya kazi mpaka boti mpya ya dizeli ilipoletwa. Wakati huo mimi nilikuwa nimehamishiwa Mpanda, kisha Tabora, chini ya wakuu wengine wawili, mmoja mchapakazi na mmoja msoma magazeti. Nilirudi Kigoma kukaa kwenye kiti cha Mkuu wa Karakana, wa kwanza kuvaa kitenge kwenye kiti kile. Mafundi waliniita mkali. Aliyevunja kitu akasema, tulikaa naye tukakitengeneza. Aliyesikia kitu kibaya akanyamaza, huyo sikumwacha alale salama.

Nilistaafu mwaka ule ule niliojenga nyumba yangu mtaa wa Gungu. Siku ya kuagwa walinivisha maua, kukawa na hotuba ndefu, na gari la Mkurugenzi wetu likaletwa kunipeleka nyumbani, limepambwa kwa vitambaa. Nilikuwa nimeshapanda, wageni wamejipanga wanapunga mikono, Mkurugenzi mwenyewe kaketi mbele anatazama saa. Fundi wa zamu, Bonifasi, mtu mpole asiyependa kujitokeza, akaja mpaka mlangoni kwangu. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Shikamoo, Mama. Samahani, Mheshimiwa. Gari hili haliondoki. Breki ya nyuma inavuja, nimeona tone."

"Sasa hivi?" Mkurugenzi akafoka. "Watu wote hawa wanangoja!"

Bonifasi akakariri, kwa sauti kubwa zaidi, uwanja mzima ukasikia: "Haliondoki."

Nikafungua mlango, nikashuka na maua yangu shingoni, na kumwomba Mkurugenzi naye ashuke.