Matabishi ya pale ukutani

Usiniamini kama hutaki. Ningekuwa wewe, mimi mwenyewe ningekata nusu. Lakini nusu itakayobaki inatosha kukunyima usingizi, kwa sababu haya yalinipata mimi, hapa Kindu, si binamu wa jirani.

Wakati ule wa Zaire, treni ya kusini iliharibika kule Kibombo, na abiria wakajaa karibu na kituo chetu wakisubiri: walimu, wauza nguo, watu wa Kivu na masanduku yao. Muntu anayesubiri anachoka, na aliyechoka analipa. Nikawaza niwatembeze jioni moja pahali pa kuogopesha. Tuanze kwenye makaburi ya watu wa reli, tumalizie kando ya Lualaba, kwenye ukuta uliobaki wa nyumba ya mfanyabiashara wa pembe, mule walimofungiwa watumwa. Mukubwa wa mtaa, sitwayeni, yaani mwananchi kama tulivyoitana enzi zile, mwenye abakosti, lile koti lisilo na tai, iliyofungwa hadi kooni, alitoa ruhusa baada ya kuhakikisha kwamba mizimu haina siasa.

Mke wangu ndiye hakutoa. Mama Aziza aliuza mchele sokoni Kasuku, na sauti yake njo ilikuwa duka lake: akimwita mteja wa upande huu, wa upande ule anageuka.

"Baba Mizani," aliniambia. Jina hilo aliniita yeye peke yake, kwa kuwa mimi napima kila kitu mara mbili. "Wafu wale walishauzwa mara moja. Unataka kuwauza tena?"

"Siwauzi. Nawaonyesha tu."

"Haya. Lakini kitu cha kule kisiingie katika nyumba yangu."

Siku moja kabla ya matembezi nilikwenda kupima njia. Jua lilikuwa linazama. Chini ya ukuta nilimkuta mama mmoja amekaa, kikapu mbele yake kimefunikwa majani ya ndizi. Nikadhani amechelewa kutoka soko. Wewe ungedhani nini?

"Jambo, mama. Unauzisha nini?"

"Sauti. Kesho itaita watu wako. Watasikia, hawataona muntu."

Nikacheka. Kumbe habari za matembezi zimeshafika mpaka kwa waigizaji! Alitaka vipande viwili vya sabuni.

"Viwili, kwa sauti tu? Sauti haina uzito, mama. Kimoja."

"Kimoja," akakubali. Upesi. Muuzaji akikubali upesi hivyo, kimbia. Mimi sikukimbia, niliona utamu.

"Na matabishi iko wapi?"

Unajua matabishi: ile nyongeza unayotupiwa juu ukisha kulipa. Kwetu, kuondoka bila matabishi ni kama umeibiwa.

Ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa na moja tu," akasema. "Ya matabishi itabidi niitafute."

"Itafute, mama. Haraka ya nini?"

Nikaweka sabuni chini, nikaondoka. Kikapu sikukifunua. Mimi, ambaye hata mayai nayahesabu mara mbili!

Kesho yake abiria walikuja. Makaburini walichekacheka tu. Mwalimu mmoja akasema hajaogopa, arudishiwe pesa. Penye ukuta mama hakuwepo, na sabuni yangu ilikuwa palepale. Halafu sauti ikatoka ndani ya udongo. Ya mwanamke. Iliita majina, moja baada ya jingine, polepole, kama mzazi anayetafuta watoto wake gizani. Mwalimu alinishika mkono. Nami nilifurahi, Mungu anisamehe.

Ikanyamaza. Ikaja ya pili.

"Baba Mizani! Baba Mizani, niko wapi?"

Nilikimbia, nikawaacha abiria wajirudishe wenyewe. Nyumbani taa ilikuwa inawaka. Mama Aziza amekaa, anapepeta mchele. Nikashukuru, nikamwita. Akainua uso, akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. Hakikutoka kitu. Akajishika koo, na ungo ukamwanguka.

Hospitali walimpima, shehe akamsomea, masista wakamwombea. Wote walisema koo ni zima. Treni ikatengenezwa, abiria wakaenda zao na kisa cha kusimulia. Mke wangu sasa anaita wateja kwa kupiga kopo na kijiko.

Nilipeleka sabuni kule ukutani, sanduku zima. Hakuna aliyekuja kuipokea. Mvua iliiyeyusha, povu likateremka mpaka mtoni.

Jioni nyingine naenda. Sauti yake bado inaniita kule, na nikijibu inauliza swali lilelile. Siku moja nilimpeleka Mama Aziza ajisikie mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akageuka, akarudi bila kunisubiri. Tangu siku ile sahani yangu ananiwekea nje ya mlango. Sibishani. Alishasema kitu cha kule kisiingie.

Wewe unayesoma, omba matabishi, ni haki yako. Lakini kwanza funua kikapu. Ukikuta hamna cha ziada, lipa bei yote uliyotajiwa na uondoke. Asiye na cha kukuongezea atakwenda kukichukua kwako.